Gofu la Kiwanda cha Sabuni Malindi: Tathmini ya Huduma ya Wapangaji Miji Tuliowaajiri

Kiwanda cha sabuni alichotuachia marehemu babu yetu, upande wa Shela hapa Malindi, kilikamua nazi yake ya mwisho kabla mimi sijaingia shule ya upili, na tangu wakati huo kuta zake za mawe ya matumbawe zimekuwa makao ya popo, mbuzi na watoto wanaocheza mpira kivulini. Sisi warithi tisa wa eneo hilo la ekari mbili na robo tulikubaliana, baada ya vikao vingi vya familia, kwamba hatutaliuza wala kulibomoa, bali tutaligeuza liwe mtaa mdogo wenye nyumba za kuishi, maduka, karakana na bustani, mtaa unaojitegemea kwa maji na umeme kadiri inavyowezekana. Kwa kuwa hakuna kati yetu aliyesomea mipango miji, tuliajiri kampuni ya ushauri kutoka Nairobi itufanyie upembuzi yakinifu na kutuchorea mpango wa awali. Haya ninayoandika ni tathmini ya huduma hiyo, kwa ajili ya yeyote huku Pwani mwenye godauni, kinu au kiwanda kilichokufa, na ambaye anafikiria kulipia kazi ya namna hii. Jina la kampuni nimeliacha kwa makusudi, maana nitaeleza kasoro zao na mkataba wetu nao haujaisha.

Tulitozwa shilingi 680,000 kwa mafungu matatu: asilimia 40 siku ya kutia saini, asilimia 40 baada ya kupokea ripoti ya kwanza, na asilimia 20 zinazosalia baada ya kuikubali ripoti ya mwisho. Kwa fedha hizo tuliahidiwa vipimo vya udongo na maji, ukaguzi wa majengo, michoro ya mpango wa matumizi mseto, makadirio ya gharama, na maelezo ya vibali tutakavyohitaji. Wataalamu wao wanne walikuja Januari wakakaa siku sita, na ripoti ya kwanza tukaipata mwishoni mwa Mei.

Sehemu iliyonipa imani kubwa ni ile ya udongo. Kiwanda cha sabuni humjia mtu akilini kama mahali pasipo na madhara, kwa sababu zao lake ni la kusafishia, na kwa kweli sisi wenyewe tulikuwa tumepanga kulima mboga nyuma ya nyumba ya jenereta bila wasiwasi wowote. Wataalamu walichimba mashimo manane, na nilikuwapo walipofika la tatu, hatua chache kutoka mahali iliposimama boila ya zamani. Udongo wa juu ulikuwa mchanga mweupe kama wa kwingine kote, lakini ulipofika kina cha goti ukawa mweusi na kutoa harufu ya taa ya mafuta. Mtaalamu aliuchota kijiko kimoja, akautia katika chupa ya maji safi, akaitikisa na kuiweka juani juu ya ukuta. Baada ya dakika chache utando wenye rangi za upinde wa mvua ulielea juu ya maji. Miaka mingi ya mafuta mazito yaliyokuwa yakidondoka bila mtu kujali ilikuwa bado imelala pale, nasi tulitaka kupanda mchicha juu yake.

Ripoti ilieleza kwa lugha inayoeleweka kwa nini jambo hilo ni zito zaidi hapa kwetu kuliko mahali penye udongo wa mfinyanzi. Mwamba ulio chini ya Malindi ni wa matumbawe, nao una matundu kama sifongo, kwa hiyo kinachomwagwa juu leo hushuka hadi kwenye maji ya kisima bila kizuizi kikubwa. Walipendekeza udongo wa sehemu hiyo uchimbwe na kuchukuliwa na mbebaji mwenye leseni ya taka hatari, mahali hapo pawe ua wa mawe, na bustani ihamishiwe upande wa magharibi ambako zamani nazi zilianikwa na vipimo havikuonyesha tatizo. Badiliko hilo moja, ambalo halikuhitaji mtambo wala fedha nyingi, lilitosha kunionyesha kwamba hatukutupa pesa zetu. Katika kulieleza, walitoa mfano wa Malmö nchini Sweden, ambako eneo la Västra Hamnen, lililokuwa la kiwanda cha meli cha Kockums, lilianza kugeuzwa makazi kwa maonyesho ya nyumba ya Bo01 mwaka 2001. Huko nako ilibidi ardhi iliyochafuliwa ishughulikiwe kabla ya kujenga.

Ukaguzi wa majengo ulikuwa mzuri vilevile, hasa kwa sababu kampuni ilikubali ombi letu la kumwita fundi mwashi kutoka Lamu, mzee aliyeshiriki kukarabati nyumba za mawe katika mji ule ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mzee huyo hakuja na kifaa chochote isipokuwa nyundo ndogo. Aliugonga ukuta wa ghala kubwa mahali pengi, akisikiliza, kisha akakwaruza plasta kwa ukucha, akaonja unga uliobaki kidoleni na kusema, "Ukuta huu unalia chumvi." Mjomba wetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameupaka saruji miaka ya themanini ili uonekane mpya. Fundi alitueleza kwamba ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa, lakini saruji huuziba pumzi, na unyevu uliokosa njia hubaki ndani ukikusanya chumvi mpaka plasta inavimba na kubanduka kwa mapande. Mhandisi wa kampuni, kijana mwenye shahada, alisikiliza kwa adabu, akaandika kila neno, na ripoti ikaja na pendekezo la kuondoa saruji yote na kupaka chokaa upya. Namsifu kwa hilo, kwa sababu nimeona wataalamu wengi wanaoona haya kujifunza mbele ya fundi.

Paa lilikuwa habari nyingine. Nusu yake ni mabati ya kawaida yaliyooza, na nusu ni asbesto, ambayo Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006 huihesabu miongoni mwa taka hatari. Ripoti ilituonya tusiitoboe ili kufunga paneli za sola, tusiivunje kwa nyundo, na tusimruhusu mtu yeyote kuchukua vipande vyake akaezekee banda la kuku, kwa maana hatari yake ni nyuzi ndogo zisizoonekana ambazo huruka inapokatwa au kuvunjwa, zikaingia mapafuni na kubaki humo miaka na miaka. Inatakiwa ilowanishwe, iteremshwe ikiwa nzima, ifungwe kwa nailoni nzito na kuondolewa na wenye kibali. Nilipata uchungu kusoma hayo, kwa sababu vipande kadhaa viliwahi kuondolewa pale na majirani tukitazama, na tuliviona kuwa sadaka.

Kuhusu maji, hesabu yao ilikuwa wazi kiasi kwamba hata dada yangu asiyependa tarakimu aliifuata. Kila milimita ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Paa jipya la ghala litakuwa na mita za mraba 600, na Malindi hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo paa hilo hupokea lita 600,000, na tukiondoa asilimia 20 inayopotea tunabaki na lita 480,000. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha katika miezi michache ya masika, na asiye na pa kuyahifadhi atayatazama yakienda baharini. Mabirika matatu ya mawe yaliyotumika kupoozea sabuni yanaweza kusafishwa, kupimwa na kupakwa upya yakahifadhi lita 90,000 kwa pamoja. Shangazi yangu aliuliza kama watatia samaki wadogo ndani yake wa kula viluwiluwi vya mbu, kama inavyofanywa katika mabirika ya vyoo vya nyumba za Lamu, na jambo hilo halikuwamo katika ripoti ya kwanza. Katika ripoti ya pili limo.

Maji ya mvua hayatatosha nyumba 24 zilizomo katika mpango, na walilisema hilo bila kuficha. Maji ya mji wetu husukumwa kutoka visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, na kila mkaazi wa Malindi anajua kwamba umeme ukikatika huko mabomba yetu hukauka. Kisima cha kiwanda bado kina maji, lakini karibu na bahari maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, na anayevuta kwa pupa huyapandisha ya chumvi. Mpango unaruhusu kisima kivutwe kwa saa mbili tu kwa siku, kwa pampu ndogo, nayo yawe maji ya kufulia na kudekia. Kwa majitaka walipendekeza septiki ya pamoja inayomwaga kwenye kitanda cha changarawe kilichopandwa matete, kwa mfano wa mfumo uliojengwa katika Gereza la Shimo la Tewa, Mombasa. Nilifurahi kuona mfano wa jirani ambao mtu anaweza kuabiri matatu akaenda kuuliza unavyotunzwa.

Pengine jambo ambalo familia yetu itakumbuka zaidi ni ziara waliyotuandalia ya kwenda Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji yalikuwa jangwa la mawe meupe mwaka 1971, wakati René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alipoanza kupanda miti humo. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa ni chache tu zilizostahimili, na mvinje, mti ambao sisi tumezoea kuuona ufuoni bila kuufikiria, ndio uliofanya kazi kubwa. Majani yake makavu hayakuoza haraka kama ilivyotarajiwa, hadi majongoo wenye miguu myekundu walipoletwa wakayala na kuyageuza udongo. Niliinama chini ya miti hiyo nikafukua kwa vidole, nikakuta udongo mweusi wa kina cha kiganja mahali palipokuwa mwamba mtupu. Bamburi haikugeuzwa kuwa makazi ya watu, na mpangaji miji wetu alisema hivyo wazi, lakini ilituonyesha jambo moja kuhusu muda. Tulikuwa tumezoea kuuliza mradi utakamilika mwezi gani, na tuliporudi njiani mjadala ulikuwa juu ya nini kipandwe mwaka huu ili kivuli kipatikane watoto wetu watakapokuwa watu wazima.

Sasa niingie kwenye kasoro.

Ripoti ya kwanza ilipendekeza mtambo wa kuchoma vifuu vya nazi ili kuzalisha umeme wa mtaa mzima, na ikautetea kwa mfano wa BedZED, makazi ya kusini mwa London yaliyokamilika mwaka 2002 katika ardhi iliyokuwa ya mtambo wa majitaka. Makazi hayo yana nyumba zipatazo 100 pamoja na nafasi za kazi, na yanastahili sifa nyingi: sehemu ya chuma chake ilikuwa imetumika kwingine kabla, vifaa vingi vya ujenzi vilitafutwa karibu, na nyumba zimeelekezwa juani ili kupunguza haja ya kupasha joto. Kile ambacho ripoti haikusema, na ambacho nilikipata nilipotafuta mwenyewe, ni kwamba mtambo wake wa kuchoma vipande vya mbao ulisumbua mara kwa mara na kuzimwa baada ya miaka michache, na joto likaanza kutolewa na boila za gesi. Mfumo wa kusafisha majitaka uliojengwa huko nao ulisimamishwa. Nyumba zenyewe, madirisha yake, kuta zake nene na mpangilio wa kuishi na kufanya kazi mahali pamoja, vinaendelea kufaa hadi leo. Kilichoshindwa ni mashine, na kilichodumu ni ukuta na dirisha. Mtu anayeuza ushauri ana wajibu wa kumwambia mteja nusu zote mbili za habari.

Nilimwuliza mhandisi swali moja katika kikao cha Juni: mtambo huo ukiharibika usiku wa Jumamosi, ni nani hapa Malindi atakayeutengeneza? Alinyamaza kidogo, kisha akataja kampuni iliyoko Nairobi, na spea zinazoagizwa kutoka India. Hapa mjini tunao mafundi wa injini za boti wanaoweza kufufua mashine iliyozama, tunao wa pampu na wa sola, na kila kilichomo katika mtaa huu lazima kiwe kitu ambacho mikono hiyo inakifahamu. Cha kumsifu ni kwamba alikubali papo hapo. Katika ripoti ya pili mtambo umeondolewa, umeme wa mchana unatoka kwenye paneli za sola zitakazooshwa chumvi kila wiki, ziada inaweza kupelekwa kwenye gridi kwa utaratibu ulioanzishwa na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, na vifuu vinabaki kuwa kuni za wapishi kama vilivyo sasa.

Kasoro ya pili ilionwa na mtu ambaye hakualikwa kikaoni. Tulitandaza mchoro mkubwa juu ya meza ndani ya ghala, na nahodha mmoja mstaafu, jirani yetu, akaingia kutafuta kivuli. Mpangaji, binti wa miaka thelathini hivi, akasimama na kumwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia, akavaa miwani, akautazama mchoro kwa muda mrefu huku akiugeuza ili kaskazini ya karatasi ilingane na kaskazini ya dunia. Kisha akauliza jiko la kukaangia na kukaushia samaki liko wapi. Akaonyeshwa: kona ya kusini, mbali na nyumba, mahali ambapo moshi usingemsumbua mtu.

"Mwanangu," akasema, "ramani hii imechorwa kaskazi."

Hakuna aliyemwelewa isipokuwa shangazi. Nahodha akatoka, akaokota kumbi la nazi, akaliwasha na kuliweka kwenye kona ile ya kusini. Ilikuwa Juni, na kusi ilikuwa imeshika. Moshi ulilala chini, ukapita juu ya ua, ukaingia moja kwa moja kwenye uwanja uliochorewa nyumba 24, na tuliosimama pale tukaanza kukohoa. Wataalamu walikuwa wamekuja Januari, wakati kaskazi inavuma kutoka upande wa pili na kuupeleka moshi mbali, na hawakurudi tena kabla ya kuchora. Kusi huvuma sehemu kubwa ya mwaka kuanzia Aprili. Mtaa ule ungejengwa kama ulivyochorwa, wakaaji wangeishi katika moshi na harufu ya samaki kwa miezi mingi, na kosa hilo lingewekwa kwa mawe na chokaa. Yule binti alilizungukia kumbi hadi likazima, akiandika. Baadaye alimwomba nahodha amwonyeshe pia upepo wa matlai, ule wa kati ya misimu, na wakakaa barazani hadi adhuhuri. Namwambia yeyote atakayeajiri wapangaji kwa eneo la pwani aandike ndani ya mkataba kwamba lazima wafike mara mbili, kaskazi na kusi, hata kama nauli itaongezeka.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyoniudhi kuliko zote. Ukurasa wa tisa wa ripoti ya kwanza ulisema kwamba eneo letu "halikaliwi wala halitumiwi." Wataalamu hao walikuwa wamekunywa chai pale pale kwa siku sita. Nilichukua daftari nikakaa getini Jumanne moja tangu alfajiri hadi magharibi, nikahesabu watu 17 wanaopata riziki ndani ya gofu hilo: mafundi wawili wa mashua, mchomeleaji wa vyuma, wenye mikokoteni wanaoilaza humo, wapasua nazi, na kina mama wanaokaanga samaki wanaokuja kutoka gatini. Hawana mikataba, na wengine hutulipa kidogo na wengine hawatulipi, lakini wako. Mpango unaojiita endelevu na unaoanza kwa kuwafuta watu 17 kwenye karatasi hauwezi kupata saini yangu.

Tulipolalamika walirudi, wakawahoji wote, na wakaleta michoro yenye vibanda vyao. Hata hapo ilihitajika kurekebisha. Mama mmoja anayekaanga samaki aliambiwa kibanda chake kina mita mbili kwa mbili, akachukua chaki, akapima kwa hatua na kuuchora mraba huo sakafuni, kisha akapanga ndani yake karai, jiko, meza ya kupaa samaki, ndoo mbili za maji na kigoda chake. Mteja hakupata pa kusimama. Aliomba pia mfereji, kwa sababu maji ya magamba yasipopata njia huvutia nzi na kugombanisha majirani. Sasa kibanda chake kina mita tatu kwa mbili na nusu, bomba moja, na mfereji unaoelekea kwenye kichujio cha mafuta kabla ya septiki. Kipimo hicho kilitolewa na yeye, na sisi tumemlipa mpangaji kwa kukiandika.

Kuhusu vibali nitasema machache tu, kwa kuwa sehemu hiyo ya ripoti ni sahihi na haina mengi ya kujadiliwa. Tathmini ya athari kwa mazingira inahitajika chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999 na hupelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kubadilisha matumizi ya ardhi kunahitaji idhini ya Kaunti ya Kilifi kwa mujibu wa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya mwaka 2020 huwezesha kila nyumba au duka kuwa na hati yake huku ua, mabirika na septiki zikisimamiwa na wote kwa pamoja.

Upande wa fedha ulinipa mashaka zaidi. Makadirio ya kwanza yalidhani kwamba nyumba 20 kati ya 24 zitanunuliwa na watu wa nje kwa ajili ya likizo, na mapato hayo ndiyo yangelipia mabirika na paa. Malindi tumekwisha kuona nyumba nzuri zinazofungwa miezi kumi kwa mwaka, zenye bustani inayonyweshwa na mlinzi peke yake, na duka la jirani haliwezi kuishi kwa wateja wa miezi miwili. Hata Malmö, pamoja na sifa zake zote, nyumba za awamu ya Bo01 zililaumiwa kwa bei iliyowashinda wakaaji wa kawaida, na nyingi zilipopimwa zilitumia nishati kuliko lengo lililowekwa. Tuliagiza hesabu irudiwe kwa nyumba 14 za kupangisha kwa mwaka mzima kwa watu wanaofanya kazi hapa, walimu, wauguzi, mafundi, na nyumba kumi za kuuza. Hesabu hiyo inamaanisha ujenzi wa awamu tatu badala ya moja, na sisi warithi tumeikubali ingawa wengine wetu tuna nywele nyeupe.

Lugha nayo nisiisahau. Ripoti ina kurasa 112 za Kiingereza, na muhtasari wa Kiswahili tuliopewa mwanzoni ulikuwa kurasa tatu zisizoeleweka, ilhali warithi wanne kati ya tisa husoma Kiswahili pekee nao wana haki ya mirathi sawa na sisi. Tulirudisha muhtasari huo mara mbili. Toleo la sasa lina kurasa 19, limeandikwa na Mswahili, na shangazi amelisoma kwa sauti mbele ya kikao kizima cha familia kuanzia baada ya sala ya alasiri hadi karibu na magharibi.

Kwa jumla nawapa alama saba kati ya kumi. Vipimo vya udongo na maji vinastahili tisa, ukaguzi wa kuta vilevile, na tabia yao ya kukubali kosa na kurudi kulirekebisha bila kudai malipo mapya ni nadra kuipata. Walianguka pale walipotuchorea mtaa kabla ya kuujua upepo na watu wake, na pale walipotusimulia mafanikio ya ng'ambo bila kutaja yaliyoharibika huko. Ningewaajiri tena, kwa masharti niliyoyataja. Michoro ya Julai inaweka jiko la samaki kaskazini-magharibi, nyuma ya ukuta mrefu wa zamani, na nahodha ameipitisha kwa misimu yote miwili. Fungu la mwisho la malipo tutalitoa watakapoleta gharama kamili ya kuteremsha na kusafirisha paa la asbesto, kwani hadi leo hii, katika ukurasa wa makadirio, mstari wake una maneno matano na nafasi tupu mahali pa tarakimu.